Sauti ya Bombani

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Sikio, naye aliitika bila kinyongo, kwa sababu jina hilo alilitolea jasho. Alikuwa fundi wa redio na spika. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa nyumba yake, ukuta mmoja na chumba cha kulala, na humo ndani ungekuta redio zilizofunguliwa matumbo, waya za kila rangi, na harufu ya kitu kilichoungua ambayo haikuisha hata kibanda kikifagiliwa.

Akimaliza kutengeneza redio alikuwa na namna yake ya kuijaribu. Anaiwasha, anaipa mgongo, anafumba macho, anasikiliza. Mteja naye anasimama kimya, anameza mate, utadhani yuko mbele ya daktari. Kisha Sikio anageuka na kusema, "Imepona," au, "Bado inakoroma," na hakuna aliyebisha.

Sasa watu tulivyo wa ajabu, mtu akijua kuunga waya tunaona anajua kila kitu. Walianza kumuuliza spika ipi ni nzuri, wakahamia kumuuliza mwimbaji yupi ni mzuri. Shule ya jirani ikifanya mashindano ya kwaya, Sikio aliwekewa kiti mbele kabisa. Mtu aliyeupenda wimbo fulani jana, akisikia kwamba Sikio ameukunjia uso, leo anasema hata yeye aliona una makelele. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ndiye alizidi: hakuweka wimbo dukani mwake mpaka amuulize fundi kama unafaa. Na fundi, msidhani alijivunga. Alijibu.

Asubuhi moja mke wake alianguka akianika nguo. Kilikuwa kiharusi. Hospitali walimwokoa, lakini mkono wa kulia ulirudi nyumbani umelegea, na maneno hayakurudi kabisa. Akili ilikuwepo, macho yalikuwa yanaelewa kila kitu, ila kinywani alibakiwa na neno moja tu: "hii". Akitaka maji, hii. Mto ukimuumiza shingo, hii. Alipotaka kusema jambo refu, "hii" zilifuatana nyingi, kisha machozi. Binti yao aliiacha nyumba yake akaja kumuuguza, na Sikio akawa anaingia na kutoka chumbani kama mgeni asiyejua aweke wapi mikono.

Hospitali ikawapatia mtaalamu wa kuwafundisha wagonjwa kusema upya, dada mmoja mpole mwenye sauti ya chini, ambaye alikuja nyumbani na mkoba wa picha: kikombe, kitanda, jua. Picha hazikusaidia. Basi siku moja akaziweka chini akawaeleza baba na binti jambo ambalo hawakuwahi kulisikia. Alisema wapo wagonjwa ambao maneno ya mazungumzo yanawapotea, lakini ya nyimbo yanabaki, kwa kuwa wimbo unakaa upande mwingine wa kichwa. Mgonjwa wa namna hiyo hawezi kusema "maji", lakini anaweza kuyaimba, na akiyaimba mara nyingi, mwisho anayasema. Ila isicheleweshwe, alisema, maana miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye nafuu, na ikipita bure huenda Mama akabaki na "hii" yake maisha yote.

"Usiwe wimbo wa redioni," akamalizia. "Tutafute ule aliozoea kuuimba mwenyewe, akifua, akipika, akibembeleza watoto. Mama alipenda kuimba nini?"

Binti akatikisa kichwa. Alisema hajawahi kumsikia mama yake akiimba hata siku moja, mambo ya nyimbo ni ya Baba. Yule dada akamgeukia Sikio. Sikio akavitazama vidole vya miguu yake kama amevipoteza na ndiyo kwanza anaviona.

Alijua. Jamani, alijua vizuri sana.

Mwanamke yule alikuwa akiimba, tena Sikio alimsikia kabla hajamwona. Enzi hizo alikuwa kijana anayejifunza ufundi, amepanga chumba nyuma ya bomba la maji la mtaa, na kila asubuhi msichana mmoja alikuja kufulia pale. Aliimba alichokuwa akikifua. Shati la kaka halitakati, shuka la shangazi lina doa, sabuni nayo inakwisha, mimi nitafanya nini. Wimbo wa kujitungia, hauna kichwa wala miguu, na kesho yake ulibadilika kufuatana na nguo. Sauti yenyewe ilikuwa nzito kidogo kwa msichana, na mwisho wa kila mstari ilikwaruza, kana kwamba imekanyaga mchanga. Kijana akiisikia aliacha bisibisi mezani. Siku ambayo haikusikika hakufanya kazi ya maana kutwa nzima. Mwishowe akachukua ndoo ambayo hakuihitaji, akaenda bombani. Yaliyofuata mnaweza kuyamaliza wenyewe, kwani wakaoana.

Walikuwa bado wageni katika ndoa pale kaka mkubwa wa Sikio alipokuja kuwatembelea na marafiki zake. Kaka huyo alikuwa mwimbaji wa bendi, nywele zinang'aa, saa mkononi inang'aa, na ulimi wake uliogopwa na ukoo mzima. Akikusifu, unatembea juu juu wiki nzima. Walikaa sebuleni wanapiga soga, na bibi harusi alikuwa uani anasugua masufuria huku anaimba. Kaka akainamisha kichwa, akasema, "Mdogo wangu, huo mlango wenu mbona hamuutii mafuta?"

Sebule ikaangua kicheko. Sikio mwanzoni hakuelewa. Alipoelewa akacheka kuwapita wote, na hapo ndipo pa kuuma. Alitaka kuwa upande wa wanaojua. Akainuka, akaenda mpaka mlango wa uani, akasema kwa sauti ili waliokaa ndani wapate uhondo: "Mke wangu, hebu funga huo mlango. Wageni wana masikio."

Mwanamke alimtazama, sufuria mkononi, povu linamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Alimaliza vyombo kimya, akavipanga, akaleta chakula. Usiku ule walicheka mambo mengine, na Sikio akaona yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Hakuimba tena. Alipozaa watoto aliwabembeleza kwa kuwapigapiga mgongoni tu, mdomo umefungwa. Na ajabu yenyewe ni hii: tangu siku ile, kila Sikio alipoikumbuka sauti ya mke wake alisikia kweli mlango. Sauti ilikuwa ile ile ya bombani, hakuna waya uliokatika ndani yake. Lakini kicheko cha sebule nzima kilikuwa kimemwingia, na yeye akakiita utaalamu. Alijiambia kwamba mwanzo alipumbazwa na mapenzi, sasa amekomaa, sikio limekuwa sikio. Baadaye alimnunulia mkewe redio nzuri ya jikoni, akaiweka juu ya kabati, akaona amemtendea wema. Wanawake wengine wakaimba redioni ndani ya nyumba ile miaka yote, naye akazisifu sauti zao.

Basi yule dada mtaalamu hakuwa na wimbo wa kuanzia. Akajaribu nyimbo za watoto ambazo kila mtu anazijua. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaanza polepole, akamkonyeza Mama amfuate. Mama akavuta pumzi. Midomo ikafunguka, koo likapanda, wote wakaliona. Kisha macho yakaenda kwenye kiti cha pembeni alipokaa mumewe, na midomo ikajifunga. Wakajaribu tena. Ikawa vile vile, na mara ya mwisho aliinua mkono wake mzima akajiziba mdomo kwa kiganja.

Yule dada alikusanya vitu vyake. Alipofika mlangoni akamwambia Sikio kwa adabu, "Samahani, Baba. Sijui kuna nini, lakini kabla hajaimba anakutazama wewe kwanza."

Ilibidi amwambie binti yake. Alimwita kibandani, akamweleza habari ya bomba, ya kaka, ya mlango. Alieleza akiwa anazungusha kitufe cha redio mbovu, kulia, kushoto, kulia. Binti alisikiliza bila kumkatiza, na Sikio alitamani angemkatiza.

"Kwa hiyo mimi nimelelewa na redio," binti akasema mwishowe, "na mama yangu alikuwepo." Akaondoka, na siku hizo mbili tatu chakula cha baba yake alikiweka mezani bila kumkaribisha.

Sikio akaanza kufanya vitu visivyo na maana. Alitafuta kopo la mafuta akapaka bawaba za milango yote ya nyumba, hata mlango wa choo, hata wa kabati la vyombo. Hakuweza kustahimili mlio wowote. Halafu akafunga safari kwenda kwa kaka yake, kwa sababu moyoni alikuwa bado na tumaini la kijinga. Alitaka kusikia kwamba kaka aliona kosa la kweli katika ile sauti, kosa la kitaalamu, ili angalau ijulikane kwamba walimnyamazisha mwanamke kwa haki.

Kaka siku hizi alikuwa mzee wa kukaa barazani, meno yamepungua, sikio moja limeziba kabisa. Sikio alilazimika kuhamia upande wa pili na kuuliza kwa kupaza sauti, mpaka wajukuu wakatoka kuchungulia. Kaka alifikiri, akajikuna kidevu.

"Nilisema hivyo mimi?"

"Ulisema, Kaka. Watu wakacheka sana."

"Aa, watu walikuwa wanacheka tu siku zile. Nikikaa dakika mbili bila kusema neno waliniuliza kama naumwa. Mdogo wangu, nisikudanganye. Hata sidhani kama nilimsikia vizuri. Si alikuwa anagonga masufuria? Kwani wewe mwenyewe ulikuwa unamsikiaje?"

"Nilikuwa naipenda. Ile sauti ndiyo iliyonipeleka kwake."

Kaka akamtazama kwa mshangao wa kweli, bila utani hata chembe. "Sasa wewe, ukayaacha masikio yako ukachukua yangu?" Akaligusa lile lililoziba. "Haya hapa. Ona yalivyo."

Njiani kurudi Sikio alilia, mwanaume mzima, mbele za watu. Angepata la kumkasirikia kaka ingekuwa nafuu. Lakini kaka hakuwa ametoa rai yoyote. Alitupa neno ili apate kicheko, na mdogo wake akaliokota, akalijengea nyumba, akamfungia mke wake ndani.

Alipofika alikwenda moja kwa moja chumbani, akaketi sakafuni kando ya kitanda. Akasema yote. Alisema ndoo ya siku ile ya bombani ilikuwa ya kusingizia, chumbani kwake alikuwa na maji tele. Alisema alicheka kwa sababu aliogopa kuchekwa. Alisema nisamehe, mke wangu, na hakutafuta maneno mengine ya kulipamba neno hilo. Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto akamfuta uso, taratibu, kama anavyofuta meza.

Sikio akafurahi kama mtoto. Kesho yake alikaa kwenye kiti chake cha pembeni mapema, amevaa shati safi. Yule dada akaanza wimbo, safari hii ule wa bombani ambao binti alimpa maneno yake, Mama akavuta pumzi, macho yakaja kwenye kiti, midomo ikafungwa. Alikuwa amemsamehe, nadhani. Lakini koo lilikuwa halina habari za msamaha huo.

Hapo mtaalamu akaomba wajaribu Baba akiwa nje. Sikio akaenda kibandani, akawasha redio mbovu ili ajifanye ana kazi. Muda si muda binti akaja mbio, amesahau kwamba amemnunia.

"Ameimba, Baba! Shati la kaka halitakati. Mstari mzima! Na mwishoni anakwaruza hivi, mpaka nywele zimenisimama." Akamshika baba yake mabega, akalia, akarudi ndani.

Mngedhani angetosheka. Mtu mwingine angeshukuru akatulia. Lakini aliyezoea kusikiliza hana subira, na huyu alikuwa na dhambi ya ufundi. Mkewe alipopelekwa na binti kuoga, Sikio alichukua maikrofoni ndogo, akaibana nyuma ya pazia karibu na kichwa cha kitanda, akapitisha waya kwenye tundu la ukutani mpaka kibandani, akauunga kwenye spika. Alijiambia ni kwa ajili ya kufuatilia maendeleo ya mgonjwa. Uongo mtupu.

Ulipofika muda wa mazoezi akarudishia mlango wa kibanda, akaipa spika mgongo kama kawaida yake, akafumba macho. Sauti ikaja. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, nzito, inakwenda pole, inapoteza neno katikati na kulipata tena. Shuka la shangazi lina doa. Ikakwaruza. Sikio aliutafuta ule mlango ndani yake, hakuuona. Akamtafuta yule msichana wa bombani, naye hakumwona sawasawa. Alikuwa amekaa na masikio ya kaka yake muda mrefu mno, sasa alipoyavua hakujua yake ameyaweka wapi. Alisikiliza tu, machozi yanamwingia mdomoni.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa kinyozi, amekumbatia spika yake kubwa ya dukani. Akasimama, akatega sikio, akasema kwa heshima ya mtu anayejua kidogo, "Fundi, hiyo nayo imepasuka? Naona inakwaruza."

Sikio akageuka. Akaona kinyozi anamkodolea macho usoni, anangoja ajue acheke au asikitike. Uso mmoja tu ungetosha. Akikunja midomo, kinyozi angebeba neno mpaka dukani, na kwa siku moja mtaa mzima ungekuwa umeshaamua. Hata akisifia, ingekuwa hivyo hivyo. Sikio akaushika waya akaung'oa.

"Spika nzima," akasema. "Rudi kesho."

Alikwenda chumbani kutoa maikrofoni, akitaraji atasema anarekebisha pazia. Lakini mke wake si mtoto. Aliona mkono wake ukitoka nyuma ya pazia na kile kidude kimening'inia, akaufuata waya kwa macho mpaka ukutani. "Hii," akasema. Safari hii binti, na yule dada, na Sikio mwenyewe, wote walielewa maana yake.

Hakuimba siku iliyofuata. Wala hakuimba siku nyingine baada ya hiyo, hata Sikio alipokuwa kibandani. Alikuwa akiutazama ukuta. Mtaalamu akasema kwa upole wake ule ule kwamba siku zinakwenda, na asingependa kuzipoteza. Binti hakumwambia baba yake neno, na afadhali angempa vidonge vyake.

Ndipo Sikio alipofanya jambo la maana, pengine la kwanza tangu ile safari ya ndoo. Aliingia chumbani, akafungua dirisha linalotazama barabara, akamgeuza mke wake kwa mto aone nje. Akachukua kiti chake cha pembeni, kile kile, akakibeba kichwani, akatoka getini, akavuka barabara, akakiweka mbele ya duka la kinyozi, pale ambapo spika inapiga kelele kutwa na huwezi kusikia hata anayekusemesha ubavuni. Akakaa juani, ameelekea dirishani, ili mke wake amwone na ajue kwamba pale alipo hasikii chochote.

Alikaa. Watu walipita, wakamtania kwamba fundi amehamia kwa kinyozi kunyolewa kipara. Mpaka akaona kule dirishani binti yake ameinua mikono na kupiga makofi.

Ikawa ndiyo kazi yake. Muda wa mazoezi ukifika anabeba kiti, anavuka. Huko ndani maneno yalikuwa yanarudi, moja moja. Binti alimsimulia jioni: leo Mama amesema maji. Leo amesema jina langu, Baba, wala hakuimba, amelisema tu. Leo amemgombeza yule dada kwa kuchelewa. Sikio alikuwa anazipokea habari hizo kama mtu anayesomewa barua za wenzake. Kwake yeye mwanamke alikuwa bado anatumia mkono, au kichwa, au hii.

Mpaka siku moja alikuwa chumbani anapanga dawa, akasahau muda. Yule dada alikuwa ameshafika, amekaa ukingoni mwa kitanda anangoja. Sikio bado anasoma chupa. Akasikia nyuma yake:

"Fundi."

Ndivyo alivyokuwa akimwita zamani, wakiwa wawili tu. Aligeuka polepole. Mke wake alikuwa anamtazama, wala hana hasira, ila ameshika kiuno kwa mkono wa kushoto kama mtu mwenye shughuli zake.

"Toka," akasema. Akalitafuta linalofuata, akalipata. "Nataka kuimba."

Sikio akasema ndiyo, mke wangu. Kiti kilimponyoka mara mbili kabla hajakifikisha mlangoni, na mlango, kwa mafuta yote yale, ulijifunga nyuma yake bila sauti.

Alivuka barabara, akakaa mahali pake. Alicheka, akajipangusa macho, akacheka tena. Kinyozi akamwacha mteja na povu shavuni, akapunguza spika, akatoka kumuuliza kuna nini. Sikio akamwambia mke wake amesema. Amesema maneno mazima. Sasa anaimba.

Kinyozi akafurahi kwa dhati. Akatazama kule dirishani ambako midomo ilionekana ikienda, kisha akamgeukia yule ambaye mtaa mzima ulimwamini kwa sauti, akamuuliza kama alivyozoea kumuuliza:

"Anaimba vizuri?"

"Usiniulize mimi," Sikio akasema. "Nenda kaongeze spika."